Punje Nzima

Siwema,
mama yako amenionyesha daftari lako la baiolojia.
Ukurasa wa mwisho umechora kichwa kilichopasuliwa katikati,
umeandika majina yote kwa mishale,
na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu:
Dkt. S. Nangoma, Bingwa wa Ubongo.
Alinionyesha kama mtu aliyeokota barua ya mvulana.
Nikamwambia, wifi, afadhali ingekuwa ya mvulana,
hiyo huisha kwa muhula mmoja.

Mimi si daktari.
Ni muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Newala, mwaka wa kumi na tisa.
Nimeshika mikasi, nimehesabu pamba,
nimeona matumbo, na mapaja ya vijana wa bodaboda
wanaolipwa korosho zao Jumamosi
na kuletwa kwetu Jumapili.
Ubongo nimeuona mara moja tu.
Ulikuwa unapwita, taratibu,
kama utosi wa mtoto mchanga anayenyonya.
Tuliufunika kwa shashi yenye maji ya chumvi,
tukaita gari la kwenda Dar.

Siku hiyo sikushika mikasi. Nilishika mguu wa kaka yangu.
Tulipita Mingoyo, tukaiacha Lindi,
na kabla ya Nangurukuru dereva akazima king'ora.
Hakuniambia kitu. Alipunguza tu mwendo.

Kwa hiyo usiniambie unataka kazi hii kwa ajili ya ami yako Bakiri.
Uchungu huwasha moto, mwanangu,
hauivishi maharage.
Hesabu: mmoja na nusu umalize kidato cha nne,
miwili ya tano na sita, mitano ya chuo,
mmoja wa kukimbizana na wodi usiku,
kisha ubobezi, ambao kila daktari niliyemuuliza
amenipa idadi yake.
Wenzako watakuwa wanawatafutia wanao sare za shule
na wewe bado unaitwa mwanafunzi.
Kama bado utaitaka siku hiyo, ukiwa na usingizi na nauli huna,
basi ni yako.

Fizikia umepata thelathini na moja. Nimeiona nayo.
Nenda kwa Mwalimu Chinduli jioni, umuulize hata la kijinga.
Aibu ya kuuliza haijawahi kumponya mtu.

Mama yako anasema, mbona mkono anao?
Kweli. Nimekutazama ukibangua.
Unaiweka korosho juu ya jiwe, unagonga mara moja,
ganda linaachia, punje inatoka nzima, haina hata ufa.
Bi Atingala, na uzoefu wake wote, hutoa vipande.
Umewahi kujichunguza unafanya nini kabla ya kugonga?
Unasita.
Kidogo sana, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa.
Usije ukamruhusu mtu akufundishe kuacha kusita huko.

Lakini mafuta ya ganda yanakula ngozi.
Ncha za vidole vyako zimekuwa laini kama karatasi ya sigara,
ukipeleka dole gumba benki mashine haitakujua.
Tumegombana na mama yako, tumepatana.
Msimu huu utabangua na glavu. Nimeacha jozi nne kwenye kikapu.
Si za serikali, nimenunua.

Na ujifunze kunawa.
Najua maji ya hapa ni ndoo, na ndoo ni fedha.
Kopo moja linatosha: anza na kucha, shuka hadi kiwiko,
mikono juu, maji yasirudi yalikotoka.
Kisha simama hivyo hivyo, usiguse kitu,
hata pua ikiwasha.
Sehemu kubwa ya kazi ni hiyo, kutogusa.

Daftari nimelirudisha chini ya godoro.
Maandishi mekundu sikuyafuta.
Ila uti wa mgongo umeuchora umenyooka kama rula,
nikauwekea alama ya penseli.
Hauko hivyo. Umepinda hapa, na hapa,
ndiyo maana tunaweza kubeba.
Chora tena.